Wikendi ya Kondoa na michoro ya Kolo: mwongozo kamili kwa anayetoka Dodoma

Kila kipupwe kikiingia napokea ujumbe wa aina ileile kutoka kwa waliokwenda kuona michoro ya miambani ya Kolo, wilayani Kondoa. "Tulifika Kolo saa tisa, tukaambiwa muda wa kupanda hautoshi." "Gari lilizama mchangani, tumerudi bila kuona hata mchoro mmoja." "Kuona tumeona, ila kuku tuliyeagiza Kondoa alikuja saa nne usiku, watoto wameshalala."

Wanaoandika si wazembe. Wengi wanaponzwa na kitu kimoja: wanatoka Dodoma Jumamosi asubuhi, tena baada ya chai, wakidhani Kolo ni mahali pa kushuka garini, kupiga picha na kugeuza. Ni kweli kwamba kilomita kama 180 kutoka Dodoma hadi kijiji cha Kolo ni lami tupu. Ila toka kijijini hadi mlima wenyewe kuna kilomita 9 za vumbi, mawe na mto wa mchanga, na hizo ndizo zinazokula siku ya mtu.

Kwa hiyo geuza ratiba. Ijumaa jioni ulale Kondoa mjini, Jumamosi asubuhi uwe mlimani, Jumapili urudi taratibu huku ukinunua vitu njiani. Historia ya michoro nawaachia wenyeji watakaokutembeza, maana wanaisimulia vizuri kuliko mimi. Jua tu kwamba unakwenda kwenye Urithi wa Dunia, ulioorodheshwa na UNESCO mwaka 2006, na kwamba kwa watu wa pale mlima huo bado ni mahali pa tambiko.

Vitu vya kuwa navyo kabla ya Ijumaa

Gari lililoinuka, na bora liwe na fowili. Kigari cha chini kama IST au Passo kitakufikisha Kolo kijijini bila shida yoyote, na hapo ndipo mwisho wake. Ukiwa nacho soma sehemu ya wasio na gari huko chini, usijaribu bahati.

Tairi la akiba lenye upepo (lipige teke ujihakikishie), jeki, kipande cha ubao cha kuwekea jeki mchangani, koleo dogo, kamba ya kuvutia na pampu ya upepo.

Maji ya kunywa, lita 3 kwa kila mtu kwa siku ya Jumamosi. Usihesabu soda.

Viatu vya kufunga vyenye meno chini. Sandali hazifai, na raba zilizolika soli ni hatari zaidi ya sandali kwa sababu zinakudanganya.

Suruali ndefu au sketi nzito, kofia, na sweta. Sweta nalitaja kwa makusudi. Watu wa Dar wanaopanda treni ya mwendokasi kuja Dodoma huleta fulana tatu, halafu mwezi wa saba usiku wanajifunga shuka la gesti kiunoni.

Kitambulisho, kwa ajili ya daftari la wageni. Fedha taslimu za noti ndogondogo. Simu yenye salio la kutosha kwenye akaunti ya fedha, maana malipo ya serikali siku hizi hupita kwenye kontroo namba na unaweza kutakiwa kulipa hapohapo.

Matunda, karanga, mayai ya kuchemsha au kitu chochote cha kushikilia tumbo. Mlimani hakuna duka.

Hatua ya 1: Chagua wikendi inayofaa

Kanda ya kati ina msimu mmoja wa mvua, takriban Desemba hadi Aprili. Ukienda katikati ya mvua, makorongo yanaweza kujaa ndani ya nusu saa hata kama mvua imenyesha mbali na ulipo. Mei mvua zimekatika lakini majani bado ni marefu, hujui unakanyaga nini.

Mimi napenda Juni na Julai. Jua halichomi, majani yamelala, anga ni safi na upepo ni wa baridi. Agosti na Septemba zina faida nyingine: zabibu. Dodoma huvuna zabibu mara mbili kwa mwaka, na mavuno ya Agosti na Septemba ndiyo yanayoangukia kwenye ukavu, wakati barabara haina shida. Oktoba kwenda mbele joto ni kali, na mwamba unarudisha joto usoni kama mlango wa tanuri.

Tazama pia kalenda ya dini. Kondoa ni mji wenye Waislamu wengi. Mwezi wa Ramadhani usitegemee kukuta mgahawa wazi mchana, na wikendi ya Idd vyumba hujaa wana wa Kondoa waliorudi nyumbani.

Dalili kwamba umechagua vizuri: siku kumi mfululizo bila mvua kabla ya safari yako.

Hatua ya 2: Shika chumba, na ushike kweli

Kondoa ina gesti na loji za kutosha kwa mtu anayetaka kitanda safi, maji na mahali salama pa gari. Usitafute bwawa la kuogelea. Kolo kijijini malazi ni haba, ndiyo maana nasema ulale Kondoa. Iko kama kilomita 25 kabla ya Kolo, asubuhi ni mwendo mfupi.

Piga simu Jumatatu au Jumanne. Uliza mambo manne, kwa mpangilio huu: maji yanatoka saa zote? Kuna maji ya moto, hata ya ndoo? Gari linalala ndani ya geti? Chumba kinatazama barabara au ua? Feni usihangaike nayo wakati wa kipupwe, uliza blanketi la pili.

Kisha tuma kishika nafasi. Hapa niliumia mwenyewe. Mwaka mmoja niliweka vyumba viwili kwa mdomo, mhudumu akanijibu kwa upole kabisa, "Njooni tu kaka, hamna shida." Tulifika saa mbili usiku tukakuta vyumba vimeshachukuliwa na watu wa semina. Mhudumu hakuwa mbaya. Wenzetu walilipa, sisi tuliahidi. Tulizunguka mji mzima na watoto wakiwa wamelala kwenye siti, tukapata chumba kimoja chenye kitanda cha futi nne kwa watu wanne.

Lipia usiku wa Ijumaa na wa Jumamosi kwa pamoja. Sababu ni kwamba gesti nyingi hutaka chumba kirudishwe saa nne asubuhi, na saa hiyo wewe utakuwa mlimani. Ukiwa umelipa siku mbili, mizigo inabaki chumbani na gari linakuwa jepesi kwenye mchanga.

Wenye mahema wanaweza kulala kambi ya Mary Leakey, kandokando ya mto Kolo, njiani kuelekea kwenye michoro. Mahali pametulia sana, lakini huduma ni chache, kwa hiyo nenda na maji, chakula na taa zako, na uongee kwanza na ofisi ya kituo pale kijijini.

Umefaulu hatua hii ukiwa na ujumbe wa muamala kwenye simu na jina la mtu aliyepokea fedha.

Hatua ya 3: Toka Ijumaa kabla ya saa kumi

Mfanyakazi wa serikali anatoka saa tisa na nusu. Kama mzigo uko ndani ya gari tangu asubuhi na mafuta umejaza jana yake, saa kumi kasoro unaiacha Dodoma. Jua la Juni linazama kama saa kumi na mbili na nusu, kwa hiyo sehemu kubwa ya barabara utaimaliza kukiwa na mwanga.

Mwanga nausisitiza kwa sababu ya punda. Jioni barabara hii inajaa mifugo inayorudi nyumbani na mikokoteni ya punda iliyobeba kuni na madumu ya maji, haina taa wala kiakisi. Saa moja usiku mkokoteni unauona ukiwa umeshaufikia.

Utapita Msalato, Makutupora, Mayamaya, kisha Chemba. Barabara inashawishi mguu. Usishawishike. Kila kijiji kina kibao cha kilomita 50 kwa saa, na tochi za trafiki zinakaa palepale unapoanza kujisahau, mara nyingi mita chache kabla ya kibao cha kumaliza mwendo mdogo. Faini moja ni kuku wawili wa kienyeji.

Kama hukuweza kutoka kabla ya saa kumi na moja jioni, lala Dodoma na uondoke Jumamosi saa kumi na moja alfajiri. Saa mbili asubuhi utakuwa Kolo ukiwa umechoka kidogo, ila utakuwa hujachelewa. Kinachoua safari ni kule kutoka saa tatu au saa nne Jumamosi.

Hatua ya 4: Usiku wa Kondoa, kula mapema

Ukifika, chakula kwanza, kuoga baadaye. Majiko mengi yanapika kwa kiasi, na saa mbili na nusu vyakula vizuri vimekwisha. Utabaki na chipsi mayai, ambazo hata Dodoma zipo.

Tafuta ugali na mlenda. Kama unga ni wa uwele au mtama, usiulize mara mbili, kaa chini. Kwa mgeni wa pwani anayeuogopa mlenda: usiuchukue kwa kidole kama mchuzi. Finya tonge dogo, libonyeze katikati liwe na kishimo, lizungushe mara moja kisha ulivute pembeni ya bakuli ili uzi ukatike. Ukilinyanyua moja kwa moja, uzi unakufuata mpaka kifuani.

Kuku wa kienyeji usimwagize usiku huo. Anayeitwa kuku kwenye menyu mara nyingi bado anatembea uani, na mpaka achinjwe, achemshwe na aungwe inachukua muda wa saa mbili na ushee. Ndiyo habari ya wale walioletewa saa nne.

Pombe na kitimoto havionekani sana katika mji huu. Usilalamike. Dodoma utarudi kesho kutwa.

Kabla ya kulala jaza madumu ya maji, chaji simu, na ongea na mwenye mgahawa kuhusu kifungua kinywa. Ukimwambia unahitaji chapati na supu saa kumi na mbili na nusu, atakwambia kama inawezekana. Ikishindikana, nunua maandazi usiku huohuo.

Hatua ya 5: Ofisi ya Kolo, kabla ya saa tatu asubuhi

Usiende mlimani moja kwa moja, hata kama kuna kijana wa bodaboda anayekwambia anaijua njia. Ofisi ya kituo iko barabarani pale Kolo. Hapo unajiandikisha, unalipia kiingilio na unapewa mwongozaji. Mwongozaji ni lazima kwa mujibu wa utaratibu, na hata bila utaratibu ungemhitaji: njia ya magari inagawanyika mara kadhaa, na michoro mingi ungeipita bila kuiona.

Mwambie mapema unataka kuona nini. Kundi linalotembelewa zaidi ni la Mungomi wa Kolo, lenye mapango matatu yanayojulikana kama B1, B2 na B3. Kuna maeneo mengine kama Pahi, Fenga na Thawi, ila kwa mara ya kwanza fuata Mungomi peke yake. Eneo lote la urithi ni kilomita za mraba 2,336, na wanaotaka "kuona yote" wikendi moja ndio haohao wanaorudi hawajaona kitu.

Uliza maswali mawili ya ziada. La kwanza: leo kuna tambiko? Kama lipo, mtapangiwa muda au mtaelekezwa pango lingine. La pili: mto ukoje?

Kisha fanya jambo ambalo karibu kila mtu hulisahau: agiza chakula cha mchana sasa hivi. Ingia kwenye mgahawa wa kijijini, ongea na mama mwenyewe, chagua kuku, patana bei, lipa nusu, na umwambie mtarudi saa nane. Saa tano alizonazo zinamtosha kuku huyo, na mama anajua hatabaki na sufuria iliyojaa na wageni waliopotea. Kama kuna mzee pale nje, shikamoo kwanza, maswali baadaye. Ukifika unaulizia michoro tu bila salamu utajibiwa kwa mkato, na ni haki yako.

Dalili ya mafanikio: saa tatu na nusu, risiti mkononi, mwongozaji siti ya mbele, kuku anakimbizwa nyuma ya nyumba.

Hatua ya 6: Kuvuka mto wa mchanga

Hapa ndipo magari yanapolala, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Mto Kolo wakati wa ukavu hauna maji juu. Unaona mchanga mweupe, mpana, umelala kama unga uliochekechwa. Ukiutazama kwa mbali unaonekana mgumu kwa sababu magari yaliyopita yameacha alama. Alama hizo ndizo mtego: pale magurudumu yalipochimba, mchanga ni laini zaidi.

Simama kabla ya mto, kwenye ardhi ngumu. Teremsha watu wote isipokuwa dereva. Tembea kwa miguu hadi ng'ambo na urudi. Kisigino kikizama hadi kwenye kifundo cha mguu, gari litazama hadi kwenye eksli.

Punguza upepo wa tairi kidogo. Tairi lililolegea linatanua unyayo wake na kukanyaga mchanga badala ya kuuchimba, kama ngamia anavyofanya. Utaujaza tena kwa pampu ukitoka.

Weka fowili ukiwa bado kwenye ardhi ngumu, usisubiri mpaka ukwame. Ingia na gia ndogo, mwendo wa wastani usiobadilika, usukani umenyooka. Usibadili gia katikati, usikanyage breki, usisimame kumngoja mtu anayepiga video. Gari likisimama tu katikati ya mchanga, uzito wote unakaa sehemu moja.

Ukiona magurudumu yanazunguka bila gari kwenda, ondoa mguu kwenye mafuta papo hapo. Kila sekunde unayoendelea kukanyaga unajichimbia kaburi. Shuka, fukua mchanga mbele ya magurudumu yote manne, tandika matawi makavu au mikeka ya gari, kisha jaribu kurudi nyuma kufuata njia uliyojia, ambayo tayari umeshindilia.

Mara yangu ya kwanza nilikanyaga mafuta kwa hasira kama dakika nzima, moshi wa klachi ukanuka mpaka ng'ambo. Mwongozaji, mzee wa makamo mwenye koti la suti juu ya fulana ya mpira, alikaa pembeni akanisubiri nimalize. Kisha akasema, "Sasa kijana, tuanze." Tulichimba kwa sahani za bati tulizoletea pilau. Ndiyo sababu koleo liko kwenye orodha.

Onyo moja lisilo na mjadala: ukikuta maji yanatiririka, hata ya rangi ya chai na yanayofika kwenye kifundo tu, usivuke. Chini ya maji hujui mchanga umehamia wapi, na huko milimani huenda mvua bado inanyesha. Rudi Kolo, uliza eneo jingine la kutembelea.

Umefaulu ukiwa ng'ambo, gari halijasimama, na watu wanakufuata kwa miguu wakicheka.

Hatua ya 7: Kupanda na kuona michoro

Gari linaishia chini ya mlima. Kupanda hakuchukui muda mrefu, ila mwisho wake ni mkali, mawe yanateleza kwa vumbi, na sehemu nyingine utashika mwamba kwa mkono. Tangulia taratibu kwa mwendo wa anayechoka haraka zaidi kati yenu. Mtoto wa miaka minane anayecheza mpira atapanda vizuri. Wa miaka mitatu utambeba, na kushuka naye ni kazi kuliko kupanda. Bibi mwenye magoti mabovu, mwache kijijini na mama wa kuku, watakuwa wameshakuwa marafiki mkirudi.

Chunga vitu vitatu. Upupu, hasa maganda yakikauka: ukiwashwa, usijikune. Nyuki, ambao hupenda nyufa za miamba: acha manukato nyumbani na usipige kelele pangoni. Na mahali unapoweka mkono, kwa sababu nyoka naye anaota jua la asubuhi.

Sasa uko mbele ya mwamba, na wengi hapa husema, "Mbona hakuna kitu?"

Tulia dakika tano. Macho yametoka kwenye jua kali, hayajazoea kivuli. Simama hatua tatu nyuma, angalia ukuta wote, halafu sogea. Kwanza utaona wekundu tu, kama kutu. Kisha mstari mmoja utageuka kuwa mguu, mguu utapata kiwiliwili kirefu, chembamba kama ufito, na juu yake kichwa kikubwa kama mtu aliyefuma nywele au kuvaa kilemba. Ukishamwona mmoja, wenzake wanajitokeza wenyewe. Tafuta twiga na tembo. Angalia michoro iliyochorwa juu ya mingine, na mwombe mwongozaji akuoneshe tofauti kati ya ile myekundu yenye mistari myembamba na ile myeupe, minene, iliyokuja baadaye. Kule kusoma matabaka ndiko kunakogeuza ukuta wenye madoa kuwa kitu cha kukufanya ukae saa nzima.

Usiguse. Mafuta ya kidole yanabaki kwenye rangi. Usimwagie maji ili picha itoke vizuri, hata kama umesikia wageni wa zamani walikuwa wakifanya hivyo: maji yanabeba chumvi za mwamba na kuacha utando juu ya mchoro, na rangi inazidi kufifia. Badala yake, piga picha bila mwanga wa simu, ukiwa kivulini, kisha nyumbani ongeza nguvu ya rangi nyekundu kwenye programu ya picha. Utashangaa. Mara mbili nimeona kwenye skrini mnyama ambaye pangoni sikumwona. Droni iache Dodoma, inahitaji vibali.

Ukikuta mashimo yaliyochimbwa, ni kazi ya watu waliotafuta mali ya Mjerumani, ile hadithi ya dhahabu iliyofukiwa ambayo imeharibu sehemu nyingi nchi hii. Ukikuta dalili za tambiko, iwe kibuyu, majivu au mabaki ya pombe ya kienyeji, usiviguse na usivipige picha kabla ya kuuliza. Nawe usingependa mgeni apekue msala wako.

Tenga saa tatu kwa mapango yote matatu, pamoja na kupumzika. Anza kushuka saa saba.

Dalili ya mafanikio hapa haina ubishi: mtu aliyesema "mbona hakuna kitu" sasa ndiye anayemwonesha mwenzake.

Hatua ya 8: Mchana na jioni ya Jumamosi

Jaza upepo kwenye tairi baada ya kuvuka mto. Mpe mwongozaji asante yake mkononi, tofauti na malipo ya ofisini. Kula kuku. Atakuwa mgumu kidogo na mchuzi wake hutausahau.

Mkimaliza kabla ya saa tisa na bado mna nguvu, muulizeni mwongozaji kuhusu Pahi. Mimi huwa siendi. Narudi Kondoa, naoga, nalala kwa muda wa saa moja, halafu natembea mjini jioni kunywa kahawa ya kikombe kidogo na kashata, nikisikiliza wazee wanavyobishana siasa kwa Kirangi na Kiswahili ndani ya sentensi moja.

Usiku huu sasa unaweza kuagiza chochote kinachochelewa.

Hatua ya 9: Jumapili, kurudi na mizigo

Ondoka Kondoa saa tatu au saa nne. Nunua asali, karanga na mafuta ya alizeti. Asali nunua kwa mtu aliyeelekezwa na mwenyeji wako. Majaribio ya kiberiti na ya karatasi yanayosambazwa hayathibitishi lolote. Onja, nusa, na uone kama muuzaji anaweza kukwambia mizinga iko wapi.

Kama ni Agosti au Septemba, simama Makutupora, kilomita chache kabla ya kuingia jiji, kwenye zabibu. Angalia kikonyo cha shada: kikiwa kibichi na kimekaza, zimekatwa karibuni. Kikiwa cha kahawia na tunda linadondoka ukitikisa, ni za juzi. Usiziweke kwenye buti pamoja na jeki. Ziweke miguuni kwa abiria, kwenye ndoo au boksi, zisikandamizane. Nilishafika nyumbani na lita mbili za juisi kwenye zulia la gari.

Saa nane mchana uko Dodoma, na Jumatatu kazini utafika ukiwa mtu.

Kama huna gari, au lako ni la chini

Panda basi la Kondoa, Babati au Arusha kwenye stendi kuu ya Nanenane. Ijumaa shuka Kondoa. Jumamosi asubuhi panda gari linaloelekea Babati, mwambie konda akushushe Kolo, ofisi ya michoro. Mwambie tena mkikaribia.

Kutoka Kolo hadi chini ya mlima utaenda kwa bodaboda. Patana bei ya kwenda, kusubiri na kurudi, siyo ya kwenda tu, na ulipe sehemu kubwa mkirudi. Dereva aliyelipwa yote asubuhi ana sababu nyingi za kuitwa nyumbani. Vaa helmeti hata kama hakuna askari. Kwenye mchanga shuka, vuka kwa miguu.

Kurudi, uwe barabarani Kolo kabla ya saa kumi jioni. Magari ya baadaye hupita yamejaa.

Wenye magari ya chini: liacheni gari ofisini, mfanye hivyohivyo.

Mkikwama kabisa

Mtandao mlimani na kwenye mto ni wa kubahatisha. Kabla ya kutoka Kolo hifadhi namba ya simu ya ofisi, na mwambie aliyebaki pale mtarudi saa ngapi. Mama wa kuku anatosha. Ikifika saa kumi hamjatokea na chakula kimepoa, yeye ndiye wa kwanza kuuliza mko wapi, maana nusu ya fedha yake bado iko mfukoni mwenu.